Kofia ya Chui ya Baba Mkwe

Nitawasimulia, lakini mkicheka msicheke sana, maana aibu ya siku ile ilishapoa, hasira ndiyo bado iko hapa kooni.

Enzi za Zaïre nilikuwa karani wa ofisi ya kulinda wanyama hapa Bukavu. Mkubwa wetu alipokuja kutoka Kinshasa, nikachaguliwa kuhutubia watu wa mtaa wa Kadutu kwenye uwanja wa shule, niwaeleze kwa nini chui na sokwe wasiuawe. Asubuhi hiyo baba mkwe wangu, mzee wa baraza la mwami, mfalme wa kwao, aliyekuwa mgeni wetu, akaniona natoka. "Mukwe, utasema mbele ya wakubwa na kichwa bule? Utatuletea haya." Akavua kofia yake ya ngozi ya chui, aliyoachiwa na marehemu baba yake, akanivalisha kwa mikono yake miwili. Ningekataaje? Kofia ya baba mkwe haikataliwi (na tuseme ukweli, nilijitazama kwenye kioo nikajipenda, nikaanza kutembea kama ninayeongoza nchi).

Nikahutubia kwa ukali. Nikasema atakayeshikwa hata na kipande cha ngozi atakwenda jela, na mkubwa akapiga makofi. Ndipo akasimama Maman Furaha, muuza nyama ya kukausha sokoni, ambaye walinzi wetu walikuwa wamemnyang'anya kapu zima la nyama ya nyani juma lililopita.

"Papa Sekretere, nyama yangu mulikamata. Na ile chui iko ku kichwa yako, yeye alikufa na malaria?"

Watu wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Ningenyamaza tu yangeisha, lakini mimi mjinga nikajibu kwamba hiyo si chui, ni ngozi ya mbuzi iliyopakwa rangi. Hapo baba mkwe, aliyekuja kunisikiliza, akainuka mstari wa mbele.

"Mbuzi? Baba yangu alimuua na mukuki, mwami mwenyewe akamupatia ngozi. Wewe unaita mbuzi?"

Mkubwa akaninyooshea mkono, akaniita raia kwa Kifaransa kama wakubwa wote wa enzi zile. "Citoyen, leta hiyo kofia. Sheria iko sheria."

Nikaivua, nikampa kwa mikono miwili, mzee ananitazama. Alishuka na njia ya miguu ya Kadutu, kichwa wazi mbele ya wote waliomjua, akarudi kijijini bila kuniaga. Nikajipa moyo kwamba kofia itafungiwa kabatini kwetu, nami nitaiomba polepole.

Kesho yake tukamsindikiza mkubwa uwanja wa ndege, sisi wafanyakazi wote tumejipanga juani. Akashuka garini amevaa kofia ya baba mkwe wangu, tena ameiinamisha kidogo upande. Akapanda ngazi za ndege, akageuka, akatupungia mkono. Nami nikampungia! Yeye nilimchukia, lakini huo mkono wangu nauchukia zaidi mpaka leo.

Nimelinda chui miaka kumi na mmoja bila kumwona hata mmoja akiwa hai. Mmoja tu nimewahi kumgusa, nikamwita mbuzi. Tangu hapo sivai kofia ya mtu wala yangu, hata mvua ya Bukavu ininyeshee, na kila ninapokwenda kwa wakwe, mzee anaitikia salamu yangu huku anatazama kichwa changu.