Sahani ya Michembe

Mwanangu alipofikia umri wa kuanza kula, alifumba mdomo. Sisemi alisumbua. Kila mtoto husumbua, na kila mama ana kisa chake cha uji uliomwagika. Wangu alifumba. Nikileta kijiko, anageuza shingo. Nikikifuata, anageukia upande wa pili. Nikimshika kidevu, anakaza midomo na kunitazama machoni, hana woga, hana hasira, hataki tu. Kisha anatafuta ziwa, na ziwa lenyewe lilikuwa limeanza kupungua kwa mawazo.

Tulikuwa tumepanga vyumba viwili Kharumwa, mimi na yeye. Baba yake alikuwa machimboni, anashinda ndani ya duara, yaani lile shimo refu la dhahabu. Duara likitema, anakuja na nyama na sabuni. Lisipotema, anapiga simu. Miezi ile alikuwa anapiga simu sana.

Jirani yangu wa mlango wa pili, mama wa watoto wengi na ushauri mwingi zaidi, aliamua kwamba kosa ni uji wangu mwepesi. Akanifundisha unga wa lishe wa kwake. Huku kwetu unga wa lishe ni mashindano. Mmoja akichanganya mahindi na karanga, mwenzake anaongeza soya, wa tatu anatia ulezi, mtama, mchele na mbegu za maboga, utadhani mtoto ni ghala la kijiji. Wa jirani yangu ulikuwa na kila kitu kilichowahi kuota au kuogelea Kanda ya Ziwa. Nikaupeleka mashineni, nikaupika, ukatoka uji wa kijivu, mzito, wenye harufu ya dagaa iliyoingia hadi kwenye mashuka. Nikauonja, ukanishinda. Halafu, kwa akili za mtu aliyechanganyikiwa, nikampelekea mwanangu uji uleule ulionishinda mimi.

Tulimviringisha mikono kwa kanga. Jirani akamlaza mapajani, akakunja kiganja mdomoni pake, akambana pua. Hivyo ndivyo alivyokuzwa yeye, na ndivyo alivyokuza wake: mtoto akitaka hewa lazima afungue, na akifungua, uji unaingia. Uliingia, ukatokea puani. Mwanangu alikohoa mpaka uso ukabadilika rangi, nami nikampokonya na kumwambia jirani atoke chumbani kwangu, kwa maneno nisiyoweza kuyaandika hapa. Tangu siku hiyo, hata nikikoroga chai yangu mwenyewe, mtoto alikuwa akiona kijiko tu analia.

Kliniki, muuguzi alinionyesha mstari wa uzito kwenye kadi. Ulikuwa umelala, sasa umeanza kushuka. Akasema ukiendelea hivyo atampa rufaa, akalazwe. Nilimfunga mgongoni nikarudi kwa miguu. Nilipofika nyumbani na kufungua mbeleko ndipo hofu iliponipiga sawasawa, maana mgongo wangu haukuwa umechoka. Nilikaa kitandani nimempakata, nikaona kabisa kwamba mtoto huyu anakufa mikononi mwangu na mimi ninaangalia.

Kisha likaja lile neno. Huku, mtoto anayenyonya akikonda bila homa, watu hawaulizi amekula nini. Wanasema amebemendwa, yaani mama au baba ametoka nje ya ndoa mtoto akiwa bado kwenye ziwa, na uchafu huo umempata mtoto. Hakuna aliyeniambia usoni. Ila nikifika bombani wanawake walinyamaza, wakaanza kusifia maji. Mimi sikuwa na nguvu za kuwa na mume mmoja, sembuse wawili. Hasira niliyokuwa nayo ingeweza kuchemsha maharage, lakini nilijaza ndoo yangu nikaondoka.

Chakula kilikuwa hakinipiti. Nilikuwa napika ugali wa kujidanganya, naufunika, asubuhi nawamwagia kuku wa mwenye nyumba. Nikila, nakula jikoni nimesimama, matonge mawili ya haraka, yeye amelala. Yeye nikimlisha, nachuchumaa mbele yake na kibakuli chake cha plastiki, kama askari na mtuhumiwa. Nilikuwa nimeishiwa mbinu zote. Nilikuwa nimeishiwa hata sala.

Mama mkwe alifika kutoka Kishapu bila kutuma habari, au labda alituma kwa mwanawe na mwanawe akaogopa kuniambia. Alikuja na begi moja na kiroba cha michembe, vile vipande vya viazi vitamu vinavyokatwa na kuanikwa juani mpaka vikauke, ambavyo havikosi nyumbani kwa Msukuma. Nikapiga magoti.

"Shikamoo, mayu," nikasema. Kwa Kisukuma, mayu ni mama.

"Marahaba. Yuko wapi?"

Nikamletea. Alimpima kwa mikono, akamrudisha, akapangusa viganja kwenye kitenge.

"Nimekuja kumchukua," akasema. "Siku ya gulio magari yapo. Tunaondoka."

Sikushangaa, na hilo ndilo lililonitia uchungu zaidi. Kwao, na hata kwetu, mtoto akishindikana kwenye ziwa hupelekwa kwa bibi yake. Kwa bibi hakuna ziwa, njaa itamfundisha kula. Mume wangu mwenyewe alilelewa hivyo. Nilimpigia simu, nikamwambia mama yake anataka kumbeba mtoto. Nyuma yake nikasikia mashine zinasaga mawe.

"Mama anajua," akasema. "Wewe umeshajaribu."

Nilitaka kumuuliza kama na yeye ameshajaribu, lakini simu ilikatika. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nilimtazama mgeni wangu akifungua kiroba, nikajiuliza nitapona vipi, wakati amekuja kunimaliza.

Alichemsha michembe mwenyewe, kwenye sufuria yangu, mpaka ikalainika. Akatwanga karanga, akamimina, akakoroga. Akatandika mkeka, akaweka sinia katikati, akaniita. Nikasema sina njaa.

"Kaa ule. Mimi sili peke yangu kama mchawi."

Nikakaa, mtoto kati yetu. Sikugusa kitu. Yeye alikula kama watu wanavyokula wakitoka safari, taya zinafanya kazi, vidole vinang'aa karanga, anasifia viazi vya shamba lake. Nilikuwa nimeinamisha kichwa, kwa hiyo nilichoona kwanza ni mkono. Mkono mdogo, mwembamba, ukipita mbele yangu kwenda kwenye sinia. Ulichukua kipande kirefu cha mchembe, ukakiminya, ukakipeleka mdomoni. Na mdomo ukafunguka.

Niliruka kumpokonya. Hana meno ya maana, nikasema moyoni, atakabwa. Na kweli alianza kukohoa kama anayetaka kutapika, ulimi ukatoka, macho yakajaa machozi. Nilikuwa nimeshanyoosha kidole kukichomoa, mama mkwe akanipiga kofi mkononi.

"Mwache! Si unasikia anakohoa? Anakirudisha mwenyewe."

Akakirudisha mbele kwa ulimi, akakitazama, akakirudisha mdomoni. Alimaliza kile kipande, akachukua kingine. Nililia bila haya, kamasi na machozi, mbele ya mama mkwe.

"Unaona," akasema, na uso wake ulikuwa na furaha ya kweli, siwezi kumnyima hilo. "Huyu anataka vya Kishapu. Akifika kule atanenepa."

Basi furaha yangu ikawa hukumu yangu. Mtoto amekula, kwa hiyo anaondoka.

Kesho yake mama mkwe alikwenda kumsalimia mtu wa kwao aliyeolewa upande wa pili wa mji. Nilichemsha michembe ileile, kwenye sufuria ileile, kwa karanga zilezile. Nikamwekea kibakulini, nikachuchumaa mbele yake, nikamwambia kula baba, kula. Akakitupa kipande. Nikampa kingine, akakitupa mbali zaidi. Nilipomsogezea mdomoni, akafumba. Nikapaza sauti, akalia, na hapo ndipo mama mkwe alipoingia. Alitazama vipande sakafuni, hakunigombeza. Ingekuwa afadhali angenigombeza. Alikwenda kwenye kamba nje, akaanua nguo za mtoto, akazikunja ndani ya begi lake.

Jioni alipokula, mtoto akala naye tena. Safari hii nilikaa pembeni nikawatazama kama mwizi anavyotazama nyumba. Nilitaka kujua ana nini yule mwanamke ambacho mimi sina. Mtoto hakuwa akitazama chakula. Alikuwa akitazama mdomo wa bibi yake. Bibi akitafuna, naye anatafuna. Bibi akiacha kutafuna ili aongee, naye anaacha, kipande kiko hewani, anangoja. Bibi akimeza, anapeleka chake.

Mtoto wangu hakuwahi kuniona nikila. Alikuwa ameniona nikipika, nikipuliza, nikibembeleza, nikifoka, nikilia. Alikuwa ameniona nikishika chakula kwa mikono yangu yote miwili na kumsukumia yeye. Lakini kukiweka mdomoni mwangu na kukimeza, hakuwahi kuona hata siku moja. Ningekuwa mimi ndiye yeye, chakula ambacho mama mwenyewe anakikimbia, na mimi ningefumba.

Siku hizi akina mama wakiniuliza alikula nini mpaka akawa alivyo leo, nawajibu alikula nilichokula. Boga la kuchemsha, limekatwa refu ili litokeze kwenye ngumi yake. Maharage yaliyoiva mpaka yanabonyea kwa vidole viwili. Tonge laini la ugali lililochovywa kwenye mlenda, lakini mlenda unateleza na mtoto atapaka hadi masikioni, uwe na tambara. Papai lililoiva. Yai, kuku wakitaga. Dagaa nawatoa vichwa, nawaloweka, nawatwanga. Karanga nzima kamwe, nimeona mtoto wa mtu akikimbizwa kwa sababu ya karanga moja, zitwangwe. Chumvi naweka nikishatoa chake. Na simwachi peke yake na chakula hata nikiitwa na nani.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Asubuhi ya gulio sikuwa na hekima yoyote. Nilikuwa na michembe kidogo iliyobaki kwenye kiroba, na begi lilikuwa limeshafungwa, limewekwa mlangoni. Mama mkwe alikuwa anaoga. Nilichemsha, nikatwanga, nikatandika mkeka, nikamkalisha mtoto si mbele yangu, bali ubavuni. Sahani moja, yangu na yake. Kile kibakuli cha plastiki nilikisukumia uvunguni.

Nikachukua kipande, nikatia mdomoni. Nilitafuna. Koo likakataa. Nilikuwa nimekaa siku nyingi bila kula sawasawa, na kilio kilikuwa kimekaa palepale chakula kinapopita. Nikatafuna tena, mate yakajaa, kisishuke. Mtoto alikuwa ameshika kipande chake, amenikodolea mdomo. Hakukipeleka. Alikuwa anangoja.

Mama mkwe alitoka bafuni akavaa, akajifunga kitenge cha safari, akasimama mlangoni.

"Gari litatuacha," akasema.

Nilifumba macho nikameza, na kikashuka kinaumiza njia nzima. Nilipofumbua, mtoto alikuwa ametia chake mdomoni. Nikachukua cha pili. Naye akachukua. Cha tatu machozi yalinishinda, nikaacha kutafuna ili nilie, na yeye akaacha, kipande kinamning'inia mdomoni, akinishangaa. Nikaona hata kulia sina ruhusa. Nikatafuna huku nalia, karanga na chumvi ya machozi, nikameza, na yeye akameza. Nyuma yetu nilisikia gari likipiga honi barabarani, likapiga tena, kisha likaondoka.

Tulikula hivyo, kipande kwa kipande, mpaka sahani ikaonyesha maua yake ya chini. Sikugeuka. Niliogopa kwamba nikigeuka nitakuta mikono imeshanyooshwa kumchukua, na safari hii sitamwachia, nitapigana na mama wa mume wangu mbele ya wapangaji wote.

Nikasikia zipu ya begi. Akapita pembeni yangu, akaweka nguo za mtoto kitandani, moja juu ya nyingine, akizinyoosha kwa kiganja. Kisha akainama, akamimina michembe iliyobaki kwenye sufuria ndani ya sahani yetu.

"Nitaondoka mwenyewe na gari la mchana," akasema. "Lakini wewe ukiacha kula tena, nitarudi niwachukue wote wawili."

Nilimjibu kwa kichwa, maana mdomo ulikuwa umejaa.