Netela Nyeupe ya Mwalimu Bizunesh

Mwalimu Bizunesh Anjulo hakuwahi kufundisha akiwa amekaa. Kiti chake cha darasani kilikuwa cha mkoba na koti tu. Kwa miaka tisa alifundisha chuo kikuu hapa Addis Ababa, kozi ya nguo na mitindo isiyoharibu ardhi, na miaka yote tisa alikuwa akizunguka: dirishani, mlangoni, katikati ya meza, akishika kola ya huyu na mkono wa shati la yule bila kuomba ruhusa. "Hii umeitoa wapi? Nani kaishona? Ukiitupa itaenda wapi?" Wanafunzi waliokwisha kusikia habari zake walikuja siku ya kwanza wamevaa nguo zao mbovu kabisa, kwa woga.

Somo lake lililojulikana ni la moto. Kila mwanafunzi huchomoa uzi kwenye nguo aliyoivaa, anaushika kwa koleo dogo, anauwashia kiberiti. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Plastiki hujikunja, huyeyuka, na kuacha tone jeusi gumu kama kokoto. Kila mwaka darasa zima linagundua kwamba limevaa ndoo na mabeseni, na kila mwaka Bizunesh anafurahi kuliko inavyompasa mtu mzima.

Halafu huitoa netela yake, ile shuka nyembamba nyeupe ya mabegani. Baba yake aliifuma, marehemu mama yake alisokota uzi wake kwa mkono, naye aliivaa siku ya mahafali. Huipeleka dirishani penye jua. "Tazameni inavyong'aa. Huo ni mkono wa mama yangu. Pamba ikisokotwa kwa subira inang'aa yenyewe." Watu waliandika maneno hayo kwenye madaftari, na wengine waliyajibia mtihani.

Mwaka huu alikuwapo Rediet, binti wa mwenye duka la magauni ya harusi kule Piassa, mwenye kucha ndefu na ulimi mrefu zaidi. Uzi wa blauzi yake ulikuwa umetoka kuyeyuka mbele ya wenzake.

"Mwalimu, na ya kwako?"

"Ya kwangu nini?"

"Uichome. Zetu zote zimechomwa."

Darasa likacheka. Bizunesh akacheka kwa sauti kuwashinda. "Wewe mtoto, unataka nimchome mama yangu?"

"Uzi mmoja tu, mwalimu. Mama hataumia."

Alichomoa uzi mmoja kwenye matamvua, akauwasha. Ukaungua vizuri, jivu likaanguka mezani. "Mmeona?" Hapo angeishia, heshima yake ingebaki nzima. Lakini Bizunesh hajui kuishia. Akachomoa wa pili, wa pembeni yake, ili awafunge kabisa midomo.

Wa pili ukajikunja. Ukatoa moshi mweusi, ukanuka kama beseni lililosahauliwa jikoni, na tone likadondoka mezani, likaganda.

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililokuwa baya. Simu mbili zikainuliwa kimyakimya, na kabla kipindi hakijaisha lile tone lilikuwa limepigwa picha kuliko bibi harusi.

Siku hiyo ilikuwa Jumatatu, na shida yenyewe ilikuwa Alhamisi. Alhamisi baba yake, mzee Anjulo, mfumaji wa Shiro Meda, mtaa wa wafumaji, alikuwa aje kulifundisha darasa. Bizunesh aliipigania siku hiyo miaka miwili. Alikua akiitwa mtoto wa mfumaji na watoto ambao mama zao walivaa kazi ya baba yake kila Jumapili kanisani, kisha hawamkaribishi mlangoni. Sasa baba yake angesimama chuo kikuu, aitwe mwalimu. Miti ya kitanda chake cha kufumia ilikuwa imeshaletwa na kufungwa kwenye kona ya darasa tangu Jumamosi.

Mkuu wa idara, Dakta Gezahegn, alimkuta kwenye ngazi. Tangu mwanzo alikuwa akiuliza mzee asiye na cheti atafundisha nini.

"Bizu, nasikia darasa lako lilinuka leo."

"Lilinuka sayansi."

"Na Alhamisi bado ipo?"

"Imekwenda wapi?"

"Nauliza tu. Kama mzee anampa binti yake plastiki, sisi wengine atatupa nini?"

Bizunesh alimpita akishuka ngazi mbili mbili. Alifika hadi getini kwenda Shiro Meda, akarudi. Akatoka tena, akanunua shayiri ya kukaanga, akaitafuna yote amesimama barabarani asijue anakula nini, akarudi tena. Jumanne alisahihisha kazi za wanafunzi na kumpa mtu mmoja alama mara mbili. Alipopewa kahawa ofisini alizunguka na kikombe mpaka ikapoa, akaiweka juu ya faili la mwenzake. Kichwani lilikuwa swali moja tu: baba alimdanganya, au mama? Na kama ni baba, atamwitaje mwalimu mbele ya watoto wa watu?

Jumatano alikwenda.

Mzee Anjulo alikuwa kazini kwenye kitanda chake cha pili cha kufumia, miguu ndani ya shimo lililochimbwa chini yake, mikono ikipitisha uzi huku na huku. Koti lake la zamani lilikuwa limefuliwa na kutundikwa kwenye msumari, na alikuwa amenyolewa ndevu. Bizunesh aliliona lile koti, akatamani kugeuka arudi.

"Baba, ile netela yangu ya mahafali."

"Imechanika?"

"Imeyeyuka."

Mzee akasimamisha mikono. "Ulikuwa unaipika?"

Alimweleza yote, akitembea kutoka mlangoni hadi ukutani, hatua nne, na kurudi. Mzee alisikiliza, kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka kikohozi kikamshika.

"Unacheka! Miaka tisa nasimama mbele za watu nawaambia ni pamba tupu!"

"Nani alikutuma? Uliniuliza?"

"Ulisema mama alisokota!"

"Alisokota. Pamba yote humo ni yake. Ule mwingine aliununua."

"Alinunua plastiki?"

"Alinunua uzi wa kung'aa, ndivyo ulivyoitwa. Wewe ulikuwa unakaribia kumaliza chuo, mama yako akawa hapati usingizi. 'Anjulo, wale mabinti watakuja wanameremeta. Wangu asimame katikati yao na pamba tupu kama mke wa mbeba magunia?' Akachukua kapu lake zima, pamba aliyoisokota mfungo wote, akaenda sokoni Merkato akabadilishana na kitita kimoja cha uzi huo. Kapu zima, Bizu! Nikamgombeza. Nikamwambia huu uzi wa kijinga, unateleza, haukai. Akaniambia nifume ninyamaze. Nikafuma: mmoja wake, mmoja wa dukani, mmoja wake, mmoja wa dukani. Nilitukana wiki mbili."

"Kwa hiyo mlijua ni plastiki."

"Tulijua ni ghali."

Bizunesh aliacha kuzunguka. Alilishika lile koti msumarini, akalinyoosha mahali palipokuwa pamenyooka. Mtu amesoma nguo nusu ya maisha yake, na nguo iliyoko mabegani mwake hajawahi kuiuliza habari zake.

"Baba, kesho usije. Nitasema unaumwa."

Mzee alimtazama. "Sema wewe unaumwa. Mimi mzima."

"Watakucheka."

"Nilichekwa nikiwa na meno yote, leo sina hata manane. Watacheka nini kipya?" Akarudisha mikono kwenye uzi. "Nitakuja. Na wewe uje umeivaa."

Alhamisi darasa lilijaa hadi kwenye kingo za madirisha, maana lile tone lilikuwa limealika watu. Dakta Gezahegn alikaa nyuma, mikono kifuani. Mzee Anjulo alikuwa ameshakaa kwenye kitanda chake cha kufumia, miguu ikining'inia, kwa kuwa chuo kilikataa sakafu ichimbwe. Bizunesh aliingia na netela mabegani. Aliingia kama anayekuja kufanya mtihani, si kuutoa.

"Kwa miaka tisa," alianza, akielekea dirishani, "nimewaambia watu kwamba nguo hii inang'aa kwa sababu mama yangu alikuwa na mkono mzuri. Si kweli. Inang'aa kwa sababu alitoa kapu zima la pamba yake akapewa plastiki, na akaona amepata. Pamba hiyo mnayonisikia naisifu hapa, kwetu ilikuwa ya maskini. Alitaka nisionekane maskini. Mimi nilisoma, nikarudi kuwafundisha kuisifu ileile aliyoikimbia, na sikumwuliza mtu." Akageuka, akaenda mlangoni. "Andikeni hivyo. Yale ya zamani yafuteni."

Watu wakaandika. Rediet hakuandika.

"Baba mzee," alimwita Anjulo, "mama yangu anauza netela dukani. Anasema zote ni pamba."

"Zinang'aa?"

"Sana."

"Basi naye mama yako anakupenda," alisema mzee, na darasa likaangua kicheko, hata nyuma kule mikono ikashuka kifuani. Mzee hakungoja kimalizike. "Haya, njooni karibu, macho yangu hayafiki huko. Mwalimu, wewe kaa."

"Nimezoea kusimama, baba."

"Kaa. Nahitaji mtu wa kunizungushia uzi, na aliyekuwa ananizungushia hayupo."

Bizunesh alitoa mkoba kitini, akatoa koti, akakaa. Alipewa kijiti cha mwanzi na bonge la uzi wa pamba. Uzi ukakatika. Akaunga, ukakatika.

"Polepole," mzee alisema bila kumtazama. "Hapo hugombani na mtu."

Rediet alikuwa amechuchumaa kando yake, ameushika upindo wa netela, anautafuta uzi wa kung'aa kwa ukucha. "Mwalimu, sasa hii? Ukiitupa itaenda wapi?"

Swali lilikuwa lake mwenyewe, la miaka tisa. Jibu la vitabuni alilijua: nusu ya nguo hii ingeoza ikawa udongo, na nusu isingeoza kamwe. Mguu wake, usiozoea kukaa, ulikuwa unatingisha meza.

"Siitupi," alisema, na uzi ukakatika mara ya tatu.