Kazi Aliyoitaka Didas

Didas ndiye aliyeanza. Alikuwa mkemia kwenye maabara ya kupimia maji, na alipochoka kuona wenzake wakipandishwa vyeo akaazima kompyuta ya shemeji yake, akawa anajifunza kuandika programu sebuleni kwao Gongo la Mboto. Mkewe Atuganile, mtafiti wa mbu, alikuwa akipita na beseni la nguo anasimama nyuma yake.

"Hapo umefanyaje, Baba Blessing?"

Didas akamweleza, tena kwa raha ya mwalimu.

Kumbe mwenzake anashika. Punde Atuganile akawa anaandika vijiprogramu vya kuchambua takwimu za mbu wake. Kampuni moja ya Kinondoni, inayotengeneza mifumo ya zahanati, ilipotangaza nafasi, waliomba wote wawili. Didas akaanguka kwenye usaili. Atuganile akapata kazi.

Didas alimkumbatia, akampa hongera, kisha akaingia bafuni na kukaa humo mpaka maji ya ndoo yakapoa. "Umemfundisha mkeo, braza," majirani walimwambia, naye akacheka nao huku moyo unawaka. Ilimkera hata Atuganile alivyovaa kitambulisho shingoni, hata alivyosema "sie ofisini". Chai ikawa na sukari nyingi, shati halikunyooshwa vizuri. Kila kitu kosa lake.

Jumamosi moja Atuganile alirudi na kazi nyumbani, macho yamemvimba. Mfumo aliouandika ulikuwa unawapangia wagonjwa tarehe za ajabu za kurudi kliniki, na bosi anautaka Jumatatu ukiwa mzima.

"Kaa na mie kidogo tu," alimwomba mumewe.

Didas akaketi, na hakukawia kuliona kosa: mahali fulani siku ilisomwa kama mwezi, na mwezi kama siku. Akafungua mdomo, akaufumba. Alitaka mkewe ahangaike. Alitaka, walau mchana ule mmoja, asimzidi. Akaenda kuchota maji, akayanywa taratibu, akimtazama mkewe anafuta na kuandika upya, jasho akijipangusa kwa upindo wa khanga.

Jua lilikuwa limeshapungua makali Atuganile alipoliona kosa mwenyewe. Akacheka, akamwegemea begani.

"Asante, Baba Blessing. Peke yangu ningeshakata tamaa."

Shukrani ile ilimchoma kuliko usaili wenyewe.

Wiki nzima aliiwaza. Jumapili, walipotoka kanisani, alivuta kiti karibu na mkewe.

"Mama Blessing, lile swali lililonishinda kwenye usaili. Nielekeze."

Atuganile akamsogezea kompyuta. Alipomkosoa mara ya kwanza, wivu ulimpanda Didas uleule. Lakini safari hii hakuinuka. Alifuta mstari, akaandika mwingine.

"Na hapa?" akauliza.