Mgomba Hautoshi

Jumanne, kwenye foleni ya posta mjini Kakamega, mama mkimbizi kutoka Uganda aliomba sahihi za barua kwa Umoja wa Mataifa. Anataka wanajeshi wa huko waliomuua mumewe washtakiwe. Maiti haijaonekana.

Mkulima wa miwa kutoka Kabras alimshika mkono. "Dada, sisi mwili ukikosekana tunazikanga mgomba badala yake, roho inatulia. Zika, achana na serikali."

"Nitazika, mzee. Lakini matangani kwenu hamuulizi nani alimuua?"

Mzee akavua kofia. "Tunaulizanga. Mshukiwa asipokuja, tunamfuata kwake."

"Basi nami ninamfuata."

Mzee akachovya kidole gumba kwenye wino, akakibandika kwenye barua.

Huenda barua isifike popote. Ila kati ya wawili hao, hakuna aliyedhani kwamba mpaka wa Uganda pale Busia unamwondolea muuaji swali hilo.