Belo la Makoti

Jana nilipita soko la Mchikichini, harufu ya mabelo ya mitumba ikanisimamisha: dawa, vumbi, nguo zilizobanwa siku nyingi.

Mama aliuza pale. Belo unalinunua bila kujua kilichomo, kwa hiyo kabla ya kukata kamba aliweka kiganja juu yake akasali kwa jina la Yesu. Siku ile alisali sana. Baba tulikuwa tumetoka kumzika, na mtaji wote uliobaki ulikuwa umeishia kwenye belo lile.

Tukafungua. Makoti ya baridi matupu, mazito, ya sufu, na joto lile la Dar.

"Mama, Mungu hakusikia?"

"Amesikia. Shika upande huo, tukunje."

Alikunja huku analia. Hakuna aliyenunua. Tuliyatandika sakafuni tukayalalia, na kila asubuhi mama alipiga magoti juu yake akashukuru. Nilimchukia kwa kule kushukuru. Nikaapa sitasali tena, na sijasali.

Jana muuzaji mmoja aliinua kisu, akanitazama.

"Dada, toa mkono basi, nikate."

Kiganja changu kilikuwa juu ya belo lake.