Waridi la Nne

Wiki hiyo Rodney Haylock alikuwa hashikiki. Akikaa, anainuka. Akibandika maji ya chai, anayasahau mpaka yanapoa. Mkewe Jilly, ambaye amekaa naye miaka thelathini na minne na hajawahi kumwona akiacha chai ipoe, alimvumilia siku tatu, ya nne ikamshinda.

"We Rod, una nini wewe? Umekuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia."

"Sina kitu. Napanga safari."

"Safari gani hiyo ya kukutoa jasho? Mto ni ule ule, watu wanakwenda wanarudi. Hata bata wanaijua njia."

Jilly alikuwa na haki ya kushangaa. Tangu mwaka themanini na nane Rodney anapiga pondo kwenye mto wa Cam. Hapa Cambridge nani asiyemjua? Kofia yake ya majani makavu, tumbo mbele, amesimama nyuma kabisa ya ile mashua bapa, mkononi upondo, ule mti mrefu wa kusukumia mashua, abiria kumi na wawili wameegemea mito wakimsikiliza. Na maneno anayo, wacha wee! Nusu ya anayoyasema ni kweli, nusu ameyapika mwenyewe, na ukimuuliza ipi ni ipi anacheka tu. Waongozaji wapya anawafundisha mambo mawili. La kwanza, upondo ukinasa kwenye tope uachie, usiung'ang'anie, la sivyo mashua itakwenda na wewe utabaki juu ya upondo unaning'inia. La pili, mgeni hakuja kununua ukweli, amekuja kununua saa moja ya kucheka.

Safari yenyewe iliombwa kwa simu. Jumatatu asubuhi mwanamke mmoja aitwaye Lorna Pamplin alipiga pale gatini.

"Mama yangu anatimiza miaka tisini Jumamosi ya wiki ijayo," alisema. "Anataka kupelekwa mtoni, akaone yale mawaridi ya baba. Na amesema mwongozaji uwe wewe, asiwe mwingine. Eti uliwahi kufanya kazi na marehemu baba. Wilf Pamplin, unamkumbuka?"

"Namkumbuka sana," Rodney alisema. "Aa, Wilf! Mtu mwema sana yule. Karibuni, karibuni sana." Alikata simu, akakaa kwenye ngazi za gati, akavua kofia. Wageni wawili walimuuliza bei, hakuwasikia.

Sasa lazima niseme kilichomkalisha pale, maana bila hicho mtamwona mwendawazimu.

Kwenye daraja la chuo kimoja hapa, upande unaotazama maji, kuna mawaridi saba yaliyochongwa kwenye mawe. Kila moja lina kikonyo na majani mawili chini yake. Ila la nne. La nne limepinduka, kikonyo kinatazama mbinguni. Ukiwa juu ya daraja huwezi kuliona hata uiname vipi. Ni wa mtoni tu wanaoliona. Daraja hilo lilikarabatiwa mwaka themanini na moja. Msimamizi alikuwa Wilf Pamplin, fundi mawe hasa, na msaidizi wake alikuwa Rodney, miaka kumi na saba, kichwa maji. Ijumaa moja Wilf alikwenda kung'olewa jino. Rodney akaona bora amfurahishe bosi: akapandisha waridi la nne mwenyewe, akalijengea, akafunika turubai, akaenda zake kucheza mpira. Turubai lilitolewa siku ya sherehe, wakubwa wa chuo wakiwa ndani ya mashua na glasi zao mkononi.

Watu walicheka. Kisha wakatafuta wa kumlaumu. Wilf alisema, "Msimamizi ni mimi," akanyamaza. Mtu mmoja akasema Ijumaa ile alimwona Wilf anayumba barabarani, mdomo umelegea, na basi, ikawa imekwisha: fundi alikuwa amelewa. Sindano ya daktari wa meno nani aikumbuke? Walimfukuza. Hakushika tena patasi. Alimalizia miaka yake akipanga vigari vya wanunuzi nje ya duka kubwa, mvua yake jua lake. Na Rodney alisema nini? Hakusema kitu. Alikuwa na miaka kumi na saba na alikuwa anaogopa, haya. Lakini baadaye alifika ishirini, akafika thelathini, na bado hakusema kitu.

Laiti angeishia hapo! Wiki yake ya kwanza mtoni, abiria mmoja alinyoosha kidole akauliza mbona ua lile limepinduka. Rodney alifungua mdomo, na kilichotoka ndicho hiki: "Fundi alikuwa mlevi, bwana! Pinti sita za bia kabla ya chakula cha mchana!" Mashua nzima ilicheka, kofia ikajaa bakshishi. Kesho yake akaongeza wimbo. Mwaka uliofuata fundi akawa anaanguka majini amekumbatia waridi, anaokolewa na bata maji. Na kila mwongozaji aliyefundishwa na Rodney, na ni wengi hao, alifundishwa pia kisa cha fundi mlevi.

Ndiyo hiyo safari aliyokuwa akiipanga.

Mpango wa kwanza ulikuwa kukwepa. Mto wetu umekatwa na kizuizi cha maji pale kwenye kinu cha zamani: chini yake ni nyuma ya vyuo, na madaraja yote, juu yake ni malisho mpaka Grantchester. Rodney akampigia Lorna, sauti tamu kama jamu.

"Nimewaza, mama akapande juu badala ya chini. Kumetulia. Kuna majani, kuna ng'ombe, mwisho wa safari chai na skonzi chini ya miti ya tufaha. Kule chini Jumamosi ni vurugu tupu, watu wanagongana."

"Skonzi mama anazo nyumbani," Lorna alisema. "Anataka daraja."

Mpango wa pili ulikuwa wa ng'ombe. Kabla tu ya daraja, upande wa kushoto, kuna malisho, na siku nyingi ng'ombe hawakosi. Rodney alipiga hesabu: akianzisha kisa kirefu cha ng'ombe pale kwenye mti ulioinama, abiria wote watageuza shingo kushoto, naye atasukuma kwa nguvu mara nane, wapite daraja bila mtu kutazama juu. Alikifanyia mazoezi sebuleni. Jilly alikaa kwenye kochi na mto mgongoni awe abiria. Rodney akasimama nyuma yake na fimbo ya ufagio.

"Na sasa, mabibi na mabwana, tazameni kushoto, yule ng'ombe mwekundu..."

"Mbele kuna nini?" Jilly aliuliza.

"Mbele hakuna kitu."

"Mbele kuna daraja. Na kila siku ukifika hapo unapiga kile kisa chako cha mlevi. Leo umekimeza?"

"Jilly, tazama kushoto, bwana!"

"Sitazami. Kaa hapa. Rodney, nimesema kaa."

Akakaa. Akamwambia yote, macho kwenye zulia, fimbo ya ufagio bado mkononi. Alipomaliza, mkewe aliondoa mto mgongoni akauweka magotini, akawa anaupapasa tu.

"Nimekicheka kisa hicho," alisema mwishoni. "Kwenye harusi yetu ulikisimulia, nikacheka mpaka machozi. Kwa nini uliniacha nicheke?"

Rodney aliegemeza fimbo ya ufagio ukutani.

"Utamwambia yule mama."

"Ana miaka tisini, Jilly! Siku yake ya kuzaliwa! Nikamwambie nini, hongera, mimi ndiye niliyemmaliza mumeo? Nitampitisha salama, nitamshusha, basi. Nimeamua."

"Umeamua," Jilly alisema, akaenda kulala saa mbili usiku, na kwa kuwa ni kiangazi jua bado liko dirishani.

Ikafika Jumamosi. Lorna alikuja na mama yake na kikapu cha sandwichi za tango. Bi Doreen Pamplin alikuwa mdogo wa mwili, kofia ya zambarau, fimbo moja, macho makavu yanayoona. Rodney alimshika mkono kumteremsha.

"Rodney, mwanangu. Umenenepa."

"Ni chakula cha Jilly, mama."

"Hata. Ni kusimama na kuongea. Wilf alikuwa mwembamba mpaka anakufa."

Walianza. Rodney aliongea bila kuvuta pumzi. Alisema juu ya kanisa, juu ya maktaba, juu ya bata, mpaka akawa anachanganya maneno na kuwaita swala. Lorna alicheka kwa adabu. Bi Doreen alikaa, mikono juu ya fimbo. Walipofika kwenye mti ulioinama, Rodney alinyoosha kidole.

"Na sasa, tazameni kushoto, yule ng'ombe mwekundu..."

"Ng'ombe nimewaona miaka tisini," Bi Doreen alisema. "Acha ng'ombe. Nimekuja kwako na jambo moja, nami sina muda wa kulizungusha. Wewe ulikuwa naye. Ijumaa ile, Wilf alikuwa amelewa?"

Rodney alisukuma. Alisukuma kwa nguvu zake zote, kana kwamba angeweza kuvuka daraja, mji, na maisha yenyewe kwa pigo moja, na upondo ukazama kwenye tope ukanasa. Mikono ikafanya inachojua: ikaachia. Mashua ilitambaa mbele, upondo ukabaki nyuma umesimama peke yake katikati ya mto. Walikwenda kugota ukingoni, chini kabisa ya mawaridi.

Na hapo hapo ikaja mashua nyingine kutoka upande wa pili, abiria kumi na wawili, na nyuma yake Tamsin, mwongozaji ambaye Rodney ndiye aliyemfundisha kazi. Tamsin aliuona upondo, akaenda kuung'oa, akaja nao anacheka.

"Jamani, hata mwalimu! Mabibi na mabwana, huyu mzee ndiye aliyenifundisha kila kitu, leo kaachwa na upondo wake!" Watu wakapiga makofi. "Na bahati yenu, maana lile waridi lililopinduka lile pale, na mwenye kisa chake ni huyu hapa. Mzee, wape ile ya fundi mlevi! Pinti sita!"

Nyuso kumi na mbili zilimgeukia, tayari kucheka. Bi Doreen hakugeuka. Alikuwa anatazama juu, kwenye waridi la nne.

Rodney alivua kofia.

"Hakuwa mlevi," alisema.

"Sauti, mzee!" Tamsin alimtania.

"Hakuwa mlevi! Alikuwa ametoka kung'olewa jino. Hata kazini hakuwepo. Waridi lile nililiweka mimi. Mimi, kwa mikono hii, halafu nikaenda kucheza mpira. Akafukuzwa yeye, nikanyamaza mimi. Pinti sita nilizitunga. Wimbo niliutunga. Bata niliwatunga. Jina lake Wilf Pamplin, na mkewe ni huyu hapa."

Abiria wa Tamsin walicheka. Wafanye nini na wao? Walidhani ni sehemu ya mchezo; mmoja akapiga makofi, mwingine akatoa simu apige picha. Tamsin peke yake hakucheka. Alimtazama mwalimu wake, akamtazama yule mama mwenye kofia ya zambarau, akamkabidhi Rodney upondo na kuondoa mashua yake polepole.

Lorna alikuwa ameziba mdomo. Rodney alipiga magoti pale nyuma.

"Mama, nisamehe. Najua halisameheki. Nisamehe."

Sauti ya Bi Doreen ilipotoka ilikuwa ya kawaida kabisa.

"Aliniapia. Alirudi nyumbani akaniambia, Doreen, sikunywa. Nikamwambia basi nani kalipindua lile ua, akakataa kunitajia. Nikasema anaficha. Mji mzima unasema, kila mashua inasema, mimi nani nibishe? Miaka ishirini na tisa nililala naye kitanda kimoja na sikumwamini. Siku ya mwisho hospitali akaniambia tena. Sikunywa, Doreen. Nikamwambia, haya mpenzi, lala." Akapangusa midomo kwa kitambaa. "Haya mpenzi, lala. Ndivyo nilivyomjibu."

Rodney alilia. Alilia kwa sauti, mtu mzima na kofia yake mkononi, na wanafunzi waliokuwa wakipita juu ya daraja walisimama kutazama.

"Inuka," Bi Doreen alisema. "Unatulowesha."

Akainuka.

"Twende nyumbani, mama?" Lorna alimuuliza, mkono begani kwake.

"Nyumbani kufanya nini?" Bi Doreen alifungua kikapu, akatoa sandwichi, akaishika bila kuila. Kwenye kona ya mto, mashua nyingine ilikuwa inakuja, imejaa watu, na mwongozaji wake tayari amenyoosha mkono kuelekea mawaridi. "Shikilia mashua hapa hapa, Rodney. Waambie na wale."