Bwana Aliniita Erva, Nikadhani Nyumba Ni Yangu

Mhariri, jina langu lifiche, maana Kisangani hii tunajuana. Nina miaka ishirini na saba. Ni mpishi wa Mzungu mmoja mzee hapa Makiso, hana mke wala mtoto. Mzee huyu ametunga lugha yake mwenyewe: amechota Kiflamandi cha kwao Ubelgiji, amechota Kijerumani, kilichobaki amekitoa kichwani. Duniani tunaoijua ni wawili tu, yeye na mimi. Chekeni, lakini siku hizi hata ndoto naota kwa lugha hiyo.

Katika lugha hiyo ananiita erva. Nilipouliza maana, alinijibu kwa Kiswahili chetu: "Iko neno ya urithi. Mutu akikufa, erva iko ile inabaki." Jamani, ningeelewa nini kingine? Kwa Kiswahili cha hapa kwetu mtu ni "ile" na sahani ni "ile". Nikavuka mto hadi Lubunga, nikamwambia Papa Saleh, baba yake Amina, msichana ninayempenda, kwamba nyumba ya Bwana itakuwa yangu. Nilipoposa mwanzo alikuwa amenikataa kabisa. Siku ile alinikumbatia: "Bon, sasa uko mutu. Oa mutoto wangu."

Juzi Bwana aliugua, mpwa wake akaja kutoka Ulaya. Mezani, nikigawa supu, mzee alianza kumfundisha lugha. Akanyooshea kidole ukuta wa nyumba: "Erva." Kabati: "Erva." Kisha mimi: "Erva."

"Bwana, erva si mwenye kurithi?"

"Mwenye kurithi na kitu ya kurithiwa, kwangu iko neno moja," alisema kwa upole. "Nyumba iko yake. Na wewe uko yake, utamufundisha."

Nikiondoka, sina kazi wala kile chumba cha uani ninacholala, na Papa Saleh hatanipa binti yake. Nikimweleza ukweli wa nyumba, ni hivyo hivyo. Niliendelea kugawa supu. Naona aibu kusema hivyo.

Mpwa akaniuliza kwa Kifaransa kama nina mke. Nikasema nitaoa karibuni. Alifurahi kweli, akapiga meza: "Très bien! Watoto wako watasema lugha ya tonton, ya mjomba wangu, tangu kuzaliwa!" Bwana akatokwa machozi ya furaha, akanishika mkono.

Harusi imeshapangwa. Nampenda Amina, na yeye hajui lolote. Wasomaji, nishaurini, nifanye nini: mtoto wetu akizaliwa mle uani, atakuwa wangu au wao?